Nani Atalinda Baraza? Historia Fupi ya Wasimamizi wa Kujitolea na Mashine

Leo tuweke msimbo kando kidogo tusimuliane historia.

Mwisho wa Januari 2008, nchi yetu ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, baraza moja kubwa la Wakenya mtandaoni lilifungwa. Liliitwa Mashada. Halikufungwa na serikali, wala halikuvamiwa na wadukuzi. Alilifunga mwanzilishi wake mwenyewe, David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Matusi na chuki za kikabila zilikuwa zimefurika kiasi kwamba kuzifuta moja moja kulikuwa sawa na kuteka maji kwa pakacha. Badala ya baraza lile akaweka tovuti iliyoitwa I Have No Tribe, yaani "Sina Kabila", na mwaka huo huo akawa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi, programu ambayo baadaye ilitumiwa sehemu nyingi duniani.

Mtu wa leo akisikia kisa hicho husema haraka: "Si angeweka tu akili bandia ifute hayo matusi?" Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kwa waandishi wa programu wenzangu, na siwacheki. Kazi ya msimamizi wa kujitolea ni ngumu na haina mshahara. Anafuta matusi, anapatanisha waliogombana, anamfungulia mgeni mlango, anamtoa nje aliyelewa. Akilala, baraza linabaki bila mlinzi. Mashine hailali. Kwa nini basi asipumzishwe?

Lakini kabla hatujampumzisha, tuangalie yaliyotokea kila mara mtu alipojaribu kufanya hivyo. Historia hii ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani, na ilianza vibaya.

Turudi 1993. Wakati huo watu wa mtandaoni walikutana Usenet, mkusanyiko wa mabaraza ya maandishi yaliyosambazwa kutoka seva moja hadi nyingine. Richard Depew, Mmarekani, alichukizwa na jumbe zilizotumwa na watu walioficha majina yao. Akaandika programu ya kuzifuta zenyewe, akaiita ARMM. Tarehe 31 Machi 1993 programu hiyo ilikuwa na kosa: ilianza kujibu jumbe zake yenyewe. Jibu likazaa jibu, nalo likazaa jibu lingine, mpaka baraza moja likajaa jumbe zipatazo 200 zisizo na maana yoyote. Watu wa Usenet wakaliita tukio hilo "spam", neno ambalo leo kila mwenye barua pepe analijua. Kwa hiyo mashine iliyoletwa kufagia baraza ndiyo iliyomwaga takataka!

Nani kati yetu hajawahi kuandika kitanzi kisicho na mwisho? Kosa la msimbo ni la kusamehewa. Nadhani kosa kubwa lilikuwa jingine: Depew hakuwa amepewa kazi hiyo na wenye baraza. Aliamua peke yake nini kifutwe, na swichi ya kuizima programu ilikuwa mkononi mwake. Kumbuka neno hilo, swichi. Tutalirudia.

Miaka hiyo hiyo ya tisini, kampuni ya AOL ya Marekani ilikuwa na njia tofauti. Mabaraza na vyumba vyake vya gumzo vilisimamiwa na watu wa kujitolea walioitwa Community Leaders. Wakati mmoja walifika takriban 14,000. Malipo yao yalikuwa kutumia huduma bure au kwa bei nafuu, jambo lililokuwa na thamani wakati ambapo intaneti ililipiwa kwa saa. Walikuwa na zamu na ripoti za kuandika, kama waajiriwa. Desemba 1996 AOL ikaanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa, na ghafla yale "malipo" yakawa kidogo sana. Mwaka 1999 baadhi yao wakaenda mahakamani wakidai kwamba kazi waliyofanya ilistahili mshahara. Mpango huo ulimalizwa 2005, na kesi ikamalizika 2010 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 15.

Shukrani ya punda ni mateke. Lakini kampuni nyingine zilijifunza kitu kutoka kwa AOL: mtu wa kujitolea si wa bure kabisa. Anaweza kuchoka, kuondoka, hata kukushtaki. Programu haishtaki mtu.

Sasa tufike mahali ambapo mashine ilifanya kazi vizuri kweli, maana sitaki mdhani nimekuja hapa kuitukana. Mahali hapo ni Wikipedia.

Wikipedia ilianza Januari 2001, na kila mtu aliruhusiwa kuhariri. Unajua binadamu walivyo: mmoja anaandika historia ya Misri kwa wiki nzima, mwingine anafuta yote kwa sekunde moja na kuandika jina la mpenzi wake. Wahariri wa kujitolea walikesha wakirudisha makala katika hali yake. Mwaka 2007 ikaja roboti iliyoitwa ClueBot, iliyotumia kanuni zilizoandikwa kwa mkono: ukiona neno hili, toa alama kadhaa, ukiona ukurasa mzima umefutwa, ongeza alama. Udhaifu wake ni rahisi kuuona. Mharibifu akijifunza kanuni anazikwepa, na mwandishi wa programu anabaki kuongeza kanuni nyingine. Paka na panya.

Mwaka 2010 ikaja ya pili, ClueBot NG, nayo ilikuwa kitu kingine. Haikuandikiwa kanuni za uharibifu. Ilionyeshwa maelfu ya mabadiliko ambayo watu walikwisha yapanga, haya ni uharibifu, haya ni mazuri, na mtandao wake wa neva bandia ukajifunza tofauti. Nani aliyapanga? Wahariri wale wale wa kujitolea! Mashine ilikuwa mwanafunzi wao.

Kuna jambo moja katika roboti hii linalonipendeza kama mtu wa fani hii. Kila mashine ya aina hii hukosea kwa njia mbili: humwachia mwenye hatia, au humkamata asiye na hatia. Ukipunguza kosa moja, lingine linaongezeka. Watengenezaji wa ClueBot NG hawakuficha uamuzi huo. Waliandika wazi kwamba roboti iliporuhusiwa kuwakosea watu wema wasiozidi 0.25% ilinasa takriban 55% ya uharibifu, na ilipobanwa hadi 0.1% ilinasa takriban 40%. Yaani walikubali zaidi ya nusu ya uharibifu upite, ili mtu mwema asitupwe nje. Kazi iliyobaki iliachiwa watu. Tena haikuruhusiwa kugombana: kwa kawaida ikimrudisha mtu mara moja kwenye makala, naye akaandika tena, ilinyamaza na kumwachia binadamu aamue. Ilibidi pia iidhinishwe na wahariri kabla ya kuanza kazi, na wangeweza kuizima. Swichi ilikuwa mikononi mwa wenye baraza.

Mwaka 2011 roboti hii ilizimika mara kadhaa, nao watafiti R. Stuart Geiger na Aaron Halfaker wakachunguza kilichotokea. Matokeo waliyoyatoa 2013 yanaeleza mengi. Uharibifu uliendelea kuondolewa, kwa sababu watu walikuwepo, lakini muda wa kuuondoa ulikaribia kuongezeka mara mbili. Mashine ikiondoka na watu wakabaki, kazi inakwenda polepole, lakini inakwenda.

Je, kinyume chake? Watu wakiondoka na mashine ikabaki? Jaribio hilo nalo limekwisha fanywa, ingawa si kwa watu wa kujitolea bali kwa wafanyakazi wa kulipwa. Machi 2020, korona ilipoingia, YouTube iliwapeleka nyumbani wakaguzi wake wengi, ikaiachia mashine kazi kubwa zaidi, kwa makusudi ikiiruhusu ikosee upande wa ukali. Kati ya Aprili na Juni mwaka huo zilifutwa video zaidi ya milioni 11, karibu mara mbili ya miezi mitatu iliyotangulia. Watu walikata rufaa, na takriban nusu ya rufaa hizo zilikubaliwa, wakati kabla ya hapo ilikuwa kama robo. Septemba 2020 kampuni ikaanza kuwarudisha watu.

Nayaweka majaribio haya mawili ubavu kwa ubavu kwa sababu ndiyo hoja yangu yote. Bila mashine baraza linachelewa. Bila watu baraza linaonea. Na anayeonewa mara nyingi ni mgeni au yule anayesema kwa lugha na mtindo ambao mashine haikufundishwa.

Hata Wikipedia yenyewe haikuepuka gharama hiyo. Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na wahariri hai kama 51,000 mwaka 2007. Kufikia 2013 walikuwa wameshuka hadi kama 31,000. Halfaker na wenzake walipotafuta sababu, waligundua kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakifutiwa kazi yao haraka mno, mara nyingi kwa msaada wa programu zilizomwezesha mhariri kurudisha mabadiliko kwa kubofya mara moja. Mgeni anabisha hodi, anajibiwa na ilani iliyoandikwa tayari. Unadhani atarudi? Ndiyo maana 2015 ulipotolewa mfumo mpya ulioitwa ORES, ulipima vitu viwili mbalimbali: je, badiliko hili linaharibu? Na je, aliyelifanya alikuwa na nia njema? Mtu anaweza kuharibu huku akitaka kusaidia. Msimamizi mzuri yeyote anajua hilo. Mashine ilihitaji kuambiwa.

Turuke sasa hadi Reddit, ambako habari hii inapata uchungu wake. Mwaka 2012 Chad Birch, aliyekuwa mwenyewe katika kazi ya kusimamia, aliandika roboti iitwayo AutoModerator. Kila jumuiya iliiandikia kanuni zake: zuia kiungo hiki, nijulishe ukiona neno lile. Wasimamizi waliipenda. Kampuni ikamwajiri Birch, na mwaka 2015 roboti yake ikawa sehemu ya Reddit yenyewe. Chombo kilichotengenezwa na watu wa kujitolea kikahamia kwa mwenye nyumba.

Wasimamizi hawa walikuwa wakifanya kazi kiasi gani? Utafiti uliotolewa 2022 na wasomi wa vyuo vikuu vya Minnesota na Northwestern ulikadiria saa 466 kila siku, kazi ya thamani isiyopungua dola milioni 3.4 kwa mwaka. Mwaka uliofuata Reddit ikatangaza kutoza ada kubwa kwa programu za nje zilizochota data yake, zikiwemo ambazo wasimamizi wengi walizitegemea. Tarehe 12 Juni 2023 jumuiya zaidi ya 8,000 zikafunga milango kwa mgomo. Kampuni haikurudi nyuma. Iliwaambia wasimamizi kwamba wasiofungua wanaweza kubadilishwa, na baadhi wakaondolewa. Februari 2024 shirika la habari la Reuters likaripoti mkataba wa kuiuzia Google maandishi ya Reddit kwa mafunzo ya akili bandia, kwa takriban dola milioni 60 kwa mwaka. Pima mwenyewe. Maandishi yale yana thamani kwa sababu mtu fulani aliyapembua, akatenga mchele na pumba, miaka nenda miaka rudi, bila senti.

Mwezi huo huo wa Juni 2023 wasimamizi wa Stack Overflow nao waligoma. Sisi waandishi wa programu tumelelewa na tovuti hiyo. Wengi wetu tusingemaliza chuo bila yake. Desemba 2022, siku chache baada ya ChatGPT kutoka, wasimamizi walipiga marufuku majibu yake, kwa kuwa yalipendeza kwa macho huku mengi yakiwa na makosa. Mwisho wa Mei 2023 kampuni ikawabana wasiyafute kwa kushuku tu kwamba yameandikwa na mashine. Wakaweka kalamu chini tarehe 5 Juni mpaka makubaliano yalipofikiwa Agosti. Hapa mambo yalikuwa yamepinduka: watu wa kujitolea ndio waliokuwa wakilinda baraza dhidi ya mashine.

Agosti hiyo hiyo, OpenAI ilitangaza kwamba GPT-4 inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya usimamizi. Uipe sera iliyoandikwa, itasoma ujumbe na kuamua. Ilionekana kama mashine imejifunza peke yake. Haikuwa hivyo, na sisi Wakenya ndio tunaojua zaidi. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni ya Sama hapa Nairobi walivyosoma maandishi ya kutisha, ya ukatili na unyanyasaji, wakiyawekea alama ili mifumo ya OpenAI ijifunze kuyatambua. Walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa hiyo nyuma ya mashine inayosemekana kumpumzisha msimamizi wa Ohio, alikuwapo kijana wa Nairobi aliyesoma yale ambayo wengine hawakutaka kuyaona. Kazi haikuondoka. Ilihama.

Tena angalia maandishi yenyewe yalikuwa ya lugha gani. Kwa sehemu kubwa, Kiingereza. Na hapa ndipo narudi Mashada.

Chukua neno "madoadoa". Mama akiandika mtandaoni kwamba mtoto wake ana madoadoa mwilini, anatafuta ushauri. Mtu akiandika kabla ya uchaguzi kwamba eneo fulani la Bonde la Ufa liondolewe madoadoa, anasema jirani wa kabila lingine afukuzwe. Neno hilo lilisikika katika miaka ya tisini na tena wakati wa 2007, na matokeo yake tunayajua: tume ya Jaji Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya kuchochea chuki, pamoja na "hatupangwingwi", ambalo nusu ya nchi ililiimba kama wimbo wa kampeni. Orodha kama hiyo ukiitia kwenye roboti, utamfungia yule mama na kumwacha mchochezi, kwa sababu mchochezi kesho atakuja na neno jipya. Anayejua neno jipya ni mwenyeji aliyelisikia sokoni jana.

Lugha ndogo zikikosa watu kama hao, mambo huwa mabaya zaidi. Wikipedia ya Kigreenland ilianza 2003, mwaka ule ule wa Wikipedia ya Kiswahili. Greenland ina watu kama 57,000, na waliobaki kuihariri kwa ujuzi wa lugha walikuwa karibu hakuna. Watu wasioijua lugha wakaijaza makala zilizotafsiriwa na mashine, zenye sentensi zisizo na maana. Mashine zinazojifunza lugha husoma Wikipedia, kwa hiyo zikawa zinajifunza makosa ya mashine wenzao. Mwaka 2025 msimamizi wake aliomba ifungwe, na ombi likakubaliwa. Mashine za kuandika zilikuwepo tele. Aliyekosekana ni mtu wa kusema: "Hii si lugha yetu."

Je, nakataa mashine? La hasha. Mwaka 2024 Wikipedia ya Kituruki ilianza kutumia chombo kiitwacho Automoderator, ambacho jumuiya yenyewe huamua kiwe kikali kiasi gani, na huweza kukizima. Nautaka mpango wa namna hiyo. Ningeombwa leo kuandika programu ya kulinda baraza la Kiswahili, ningeiachia takataka za saa tisa usiku, matangazo ya utapeli na matusi yasiyo na shaka. Penye shaka ingemwita mtu. Aliyefutiwa angekuwa na mtu wa kumlalamikia. Na wale wanaoifundisha wangejulikana, na walipwe inavyostahili kama kuna anayepata fedha kwa kazi yao. Wahenga walituambia usiache mbachao kwa msala upitao. Wasimamizi ndio mbacha wetu.

Namalizia na Kobia. Alipoona baraza lake linatumiwa kuwasha moto, hakuanza kuuliza ujumbe upi ufutwe na upi ubaki. Aliona kwamba tatizo halikuwa ujumbe mmoja, bali nyumba nzima, na kwamba nchi ilihitaji kutulia. Akaifunga nyumba aliyoijenga mwenyewe. Programu tunazoziandika huulizwa kuhusu ujumbe mmoja mmoja: huu upite, huu usipite? Sijawahi kuona hata moja iliyoulizwa kama baraza liendelee kuwepo. Swali hilo lilihitaji mtu aliyekuwa na ndugu kule nyumbani.

Haya, nimesema yangu. Wewe ungempa nani swichi?